Kupatwa kwa jua Luxor, Agosti 2027: mwongozo kamili wa kulitazama ukiwa kwenye chombo cha tanga Mto Nile

Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027, dakika chache tu baada ya adhuhuri kuingia, mji wa Luxor kusini mwa Misri utafunikwa na kivuli cha mwezi kwa dakika 6 na sekunde zipatazo 20. Hakutatokea tena kupatwa kwa jua kikamilifu kwa muda mrefu kuliko huo hadi mwaka 2114. Kwa sisi tulio hai leo, hii ndiyo nafasi yetu.

Mimi ni mtu wa Lamu. Nimekulia kwenye mashua, na tanga la pembe tatu nalijua tangu sijaanza madrasa. Mwaka 2016 nilisafiri hadi Rujewa, Mbeya, kuiona pete ya jua. Miaka kadhaa baadaye nikapanda faluka, mashua ndogo ya tanga ya Nile, huko Aswan na kushuka nayo Mto Nile hadi Edfu. Safari hizo mbili ndizo zilizonifundisha mengi ya niliyoyaandika hapa, na kubwa kuliko yote ni hili: kabla hujauliza chombo kikoje, uliza kitakuwa wapi saa 7 mchana siku ya tarehe 2.

Jua kwanza unachokifuata

Wengi waliokuwa Rujewa tarehe 1 Septemba 2016 wanaamini wameshaona kila kitu. Kile kilikuwa kupatwa kwa pete. Mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia, ukaonekana mdogo kuliko jua, ukaacha duara la moto kuuzunguka. Lilikuwa jambo zuri sana. Chini ya miti, mianya ya majani ilitupa pete ndogo ndogo mchangani, watoto wakawa wanazikanyaga. Lakini giza halikuingia. Mwanga ulififia, ukawa kama wa siku ya vumbi, basi.

Luxor mwezi utakuwa karibu na dunia na utalifunika jua lote. Mchana utageuka usiku wa magharibi, nyota za kung'aa zitatokea, na kuzunguka duara jeusi utaona taji jeupe la jua, yaani korona, ambalo siku zote lipo ila mwanga wa jua wenyewe hulificha. Aliyeona asilimia 98 na aliyeona asilimia 100 hawakuona kitu kimoja. Ndiyo maana kilomita hamsini huku au kule zina uzito mkubwa katika safari hii.

Hatua ya kwanza: chagua mahali, kisha chombo

Kivuli kitaanzia Bahari ya Atlantiki, kipite mlango wa Gibraltar na kusini mwa Hispania, kikate Moroko, Algeria, Tunisia na Libya, kiingie Misri, kivuke Bahari ya Shamu hadi Jeddah na Makka, kishuke Yemen na kumalizia upande wetu kwenye ncha ya kaskazini-mashariki ya Somalia kabla ya kupotelea Bahari ya Hindi. Upana wake huko Misri ni kama kilomita 258, na Luxor iko karibu kabisa na mstari wa katikati.

Sasa utazame Mto Nile. Kusini ya Luxor, ukiupanda mto, unakuta Esna, kisha Edfu, kisha Kom Ombo, kisha Aswan. Esna imo ndani ya kivuli. Edfu nayo imo, ila sekunde zimeanza kupungua. Aswan iko nje. Huko jua litafunikwa sehemu kubwa mno lakini si lote, na aliyeko Aswan atabaki na miwani usoni kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Hapa ndipo pana mtego. Safari nyingi za vyombo vya tanga huanzia Esna na kupanda mto hadi Aswan kwa siku nne au tano, kwa sababu upepo wa Nile karibu mwaka mzima hutoka kaskazini na kuwasukuma kwa nyuma. Kwa ratiba hiyo, chombo kilichoondoka mwishoni mwa Julai kinaweza kuwa kimeshakaribia Aswan siku ya tarehe 2, huku tangazo likiwa limeandikwa "safari ya kupatwa kwa jua" kwa herufi kubwa. Usilipe hata senti kabla hujapata jibu la maandishi kwa swali hili: *Saa 7 mchana tarehe 2 Agosti, chombo kitakuwa kimefunga wapi?* Jibu la "kati ya Luxor na Aswan" halitoshi. Unataka jina la mji au kisiwa.

Jambo jingine ni lango la Esna. Pana bwawa pale, na vyombo hupita kwa zamu katika kizimba kinachojazwa na kupunguzwa maji. Meli kubwa za watalii hupanga foleni. Ndiyo sababu vyombo vingi vya tanga huanzia kusini ya lango na kuliepuka kabisa. Atakayekuahidi kwamba mtavuka lango asubuhi ya tarehe 2 na kufika Luxor kabla ya saa 7 mchana, mshukuru na utafute mwingine.

Hatua ya pili: dahabiya au faluka?

Dahabiya ni chombo kipana, bapa chini, chenye matanga mawili ya pembe tatu, moja mbele na moja nyuma, vyumba vya kulala chini na sitaha ya kupumzikia juu. Jina lake limetoka kwenye neno lile lile lililotupa *dhahabu*. Kina choo, bafu, mpishi na kitanda. Upepo ukikata, huvutwa na boti ya injini. Bei yake ni ya juu, na kwa tarehe hizi itapanda zaidi.

Faluka ndiyo ndugu wa mashua yetu. Haina sitaha: ni mlingoti mmoja, tanga moja na turubai la kivuli. Magodoro hutandazwa toka ubavu hadi ubavu, hapo ndipo mnapokula, kukaa na kulala. Choo ni ukingoni mwa mto, nyuma ya matete. Kwa mtu wa pwani haina kigeni sana, ila kitu kimoja kilinishangaza. Sisi tukitaka kukunja tanga tunateremsha foromali, yaani ule mti mrefu unaobeba tanga, hadi chini. Kule foromali inabaki juu. Nilimwona kijana mmoja akivua viatu, akaupanda mlingoti kama mkwezi wa mnazi, akaenda amelalia tumbo juu ya foromali hadi karibu na ncha, akilikusanya tanga kwa mikono na kulifunga kwa kamba fundo baada ya fundo, chombo kikiyumba chini yake. Nilipoishusha pumzi, rayyis (ndivyo wanavyomwita nahodha) alikuwa ameshamimina chai.

Hilo la foromali kubaki juu lina maana kubwa kwako, nitalirudia tukifika siku yenyewe.

Ushauri wangu kwa wengi wetu ni huu: gawanya safari mara mbili. Panda faluka Aswan Alhamisi tarehe 29 Julai, mteremke na mkondo hadi Edfu, mshuke Jumamosi tarehe 31. Kutoka Edfu hadi Luxor kwa gari ni kama saa mbili. Lala Luxor usiku mbili, na kwa siku ya tarehe 2 kodi faluka nyingine pale pale Luxor kwa siku nzima. Hivyo utapata mto, kulala chini ya nyota na mahali penyewe, bila kutegemea lango wala upepo katika saa ambayo haitarudi. Mwenye uwezo wa dahabiya atafute ile itakayokuwa Luxor au Esna siku hiyo, kisha ipande mto baadaye.

Kwa nini usiku mbili na si mmoja? Kwa sababu mkondo wa Nile unakwenda kaskazini na upepo unatoka kaskazini. Ukitoka Aswan mkondo unakubeba, lakini unabisha upepo njia nzima, ukipindua tanga kutoka ukingo hadi ukingo. Wamisri wa kale walilijua hili hata katika maandishi yao: kuelekea kusini waliandika kwa picha ya chombo chenye tanga lililotwekwa, kuelekea kaskazini kwa chombo kisicho na tanga. Katika safari yangu upepo ulikaza siku ya pili, rayyis akafunga chombo ukingoni tangu asubuhi hadi jua likizama. Tulifika Edfu tumechelewa karibu siku nzima na treni yangu ilikuwa imekwenda. Wakala aliyeniuzia safari alikuwa ameniapia kwamba muda ni wa uhakika. Upepo hauna mkataba na mtu. Jiwekee siku ya akiba.

Hatua ya tatu: karatasi na njia

Shirika la EgyptAir huruka kwenda Cairo kutoka Nairobi, Dar es Salaam na Entebbe. Kutoka Cairo hadi Luxor ni kama saa moja kwa ndege au usiku mmoja kwa treni. Ulizia viza katika ubalozi wa Misri ulio karibu nawe miezi mingi kabla, na ubebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Vyumba vya Luxor vya tarehe hizo vinawindwa na watu wa dunia nzima, kwa hiyo anza na chumba, kisha chombo, kisha ndege. Droni iache nyumbani. Misri hairuhusu kuingia nayo bila kibali na utanyang'anywa uwanjani.

Hatua ya nne: macho

Hapa sina mzaha. Jua likichoma pazia la ndani ya jicho halina maumivu. Utajua jioni au kesho yake, ukitaka kusoma na katikati ya ukurasa pana doa.

Nunua miwani maalumu yenye alama ya ISO 12312-2, kutoka kwa muuzaji anayejulikana, na nunua mapema. Ukiivaa ndani ya nyumba usione kitu chochote, hata taa ya kawaida. Kama unaona ukuta, hiyo si miwani. Filamu ya eksirei, kioo kilichopakwa masizi, CD, miwani ya jua hata iwe miwili, au kulitazama jua kwenye maji ya ndoo kama walivyofanya wazee wetu, vyote hivyo vinapunguza mwanga bila kuzuia madhara. Kioo cha wachomeleaji vyuma kinafaa kikiwa namba 14 tu. Darubini na kamera ziwekewe kichungi mbele ya lenzi. Kuvaa miwani ya karatasi kisha ukachungulia kwenye darubini ni hatari kubwa, kwani joto lililokusanywa na lenzi litaitoboa miwani pamoja na jicho.

Beba miwani ya ziada minne au mitano. Mabaharia watakuwa wanafanya kazi siku hiyo na huenda hawana. Mpe rayyis ya kwake mkononi mwake, mapema.

Hatua ya tano: joto na maji

Agosti Luxor hufika nyuzi 41 na kuzidi. Mawingu karibu hakuna, na ndicho kilichowavutia wote wanaopanga kwenda huko; walioenda Turkana Novemba 2013 wanajua uchungu wa kusafiri siku mbili na kufunikiwa jua na wingu dakika ile ile. Lakini mbingu safi ina gharama. Maji ya kunywa yasipungue lita nne kwa mtu kwa siku, na pakiti chache za chumvi za ORS. Kanzu nyepesi au shati la mikono mirefu, kofia pana, kanga ya kulowesha na kujifunika shingoni. Mkondo wa katikati unavutia kuoga, ila kwenye maji yaliyotulia kando ya matete pana kichocho. Nawa kwa maji ya chupa.

Siku yenyewe

Misri hutumia saa za kiangazi mwezi Agosti, kwa hiyo saa ya Luxor itakuwa sawasawa na ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Utakayempigia simu nyumbani Kenya au kaskazini mwa Tanzania naye anaweza kuona jua limemegwa kidogo, akiwa na miwani.

Panda chombo saa 3 asubuhi. Mwombe rayyis aende kusini kidogo ya mji, kando ya ukingo wa magharibi, mbali na gati za meli kubwa, na afunge chombo mahali penye ukingo wa wazi unapoweza kukanyaga nchi kavu. Usitazame kupatwa mkiwa mnatembea. Nahodha naye ana macho, atatazama juu, na mtoni kutakuwa na vyombo vingine vingi.

Kisha pima anga. Wakati wa giza jua litakuwa nyuzi 82 juu, yaani karibu utosini, likielekea kusini kidogo. Hapo ndipo foromali inapokuwa tatizo. Ukikaa katikati ya faluka, mlingoti, foromali na turubai vyote viko kati yako na jua. Lala saa 6 mchana mahali unapokusudia kuwa, utazame juu kwa miwani, na kama kuna kamba au mti unaokatiza, hama. Omoni, yaani mbele kabisa ya chombo, huwa pazuri. Pazuri zaidi ni kutandika godoro ukingoni, hatua tano kutoka kwenye chombo. Na ulale chali. Dakika 6 za kukunja shingo ni ndefu kuliko unavyodhani.

Karibu saa 5:40 asubuhi mwezi utaanza kulimega jua. Kwa saa nzima na zaidi hakuna cha haraka. Kaeni chini ya turubai, mle, mnywe, mchungulie kila baada ya dakika kumi. Tazama magodoro. Kila tundu dogo la turubai litatupa hilali ya mwanga, mamia kwa mamia, na zitakuwa zinakonda. Chujio la chai litafanya vivyo hivyo.

Saa 6:45 kunjeni turubai. Mwanga utakuwa wa ajabu, kama wa mbalamwezi yenye rangi ya risasi, na vivuli vitakuwa na kingo kali. Upepo unaweza kupoa au kugeuka, na joto litashuka. Yangeyange wataanza kuruka kwa makundi kurudi kwenye miti yao ya kulalia. Adhuhuri ya Luxor siku hiyo inaingia karibu saa 7 kasoro dakika 4, hivyo adhana itatoka misikiti ya pande zote mbili za mto wakati jua limebaki uzi.

Ipo pia sala ya kupatwa kwa jua, rakaa mbili zenye rukuu mbili kila moja. Mwanawe Mtume, Ibrahim, alifariki siku jua lilipopatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili yake, naye akawaambia kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote. Mabaharia huenda wakataka kusali. Muulize rayyis tangu jana yake watasali saa ngapi na wapi, ili ukingo ugawanywe na mtu asikatize mbele yao na kamera.

Saa 7 kamili geuza uso magharibi, juu ya milima ya makaburi ya wafalme. Kivuli kitatokea huko, kwa kasi ya zaidi ya kilomita 2,000 kwa saa, kama dhoruba isiyo na sauti. Rudi ulale chali. Uzi wa mwanga utakatika vipande kama shanga, kisha itabaki nukta moja inayowaka kwenye pete. Nukta ikizima, *vua miwani*. Itakuwa kama saa 7:02.

Sasa weka simu chini. Chukua picha kwa sekunde thelathini ukitaka, ila ziwe thelathini. Kamera ya miguu mitatu isimame nchi kavu, si chomboni, na uijaribu jana yake kuielekeza utosini, maana nyingi hugoma. Zilizobaki ni zako. Itazame korona na nyuzi zake. Tafuta Zuhura, itakuwa karibu sana na jua. Kisha geuza macho kuuzunguka upeo wote: utaona wekundu wa machweo kila upande, kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, na mto umeubeba. Wamisri wa kale waliamini jua husafiri angani kwa chombo, usiku na mchana. Hapo, ukiwa umelala kando ya faluka, utawaelewa.

Mteue mtu mmoja ashike saa na atangaze ikibaki dakika moja. Mwanga wa kwanza ukichomoza, karibu saa 7:08, miwani irudi usoni papo hapo, na watoto wavishwe kabla yako.

Baada ya hapo

Jua litakamilika tena karibu saa 8:25. Usifunge mizigo. Barabara, kivuko na uwanja wa ndege vitafurika, na aliyekata tiketi ya jioni hiyo atatumia alasiri nzima ndani ya gari. Tandazeni turubai, mle samaki, mlale. Bakshishi ya mabaharia mpe rayyis mbele ya wenzake, na useme kwa sauti kwamba ni ya wote, na kijana wa mlingotini umpe ya kwake kwa mkono wako. Kukipoa, kama saa 11, mwombe alitweke tanga mrudi mjini polepole. Miwani iliyobaki waachie watoto wa ukingoni, uwaeleze kwanza inavyotumika na kwamba ikichanika inatupwa.